UZI: Swali la "afya yako kwa ujumla ikoje?" na yaliyojificha nyuma ya jibu: hela, kazi, madeni, upweke

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu nikaona bora nilimwage hapa tulijadili, maana humu kuna madokta, manesi, watu wa takwimu, na sisi wengine ambao kazi yetu ni kuumwa na kuuguza. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie.

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya kukusanya takwimu, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na dodoso, siku hizi na tableti. Maswali yanakuwa mengi, umri, elimu, kazi, mnalala wangapi chumba kimoja, maji mnatoa wapi, afu katikati huko linakuja swali moja fupi sana: "Kwa ujumla unaionaje afya yako? Nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana?" Basi. Hakuna kupima presha wala kutoa damu, mtu anajibu kwa sekunde 5 unabonyeza unaendelea. Kiukweli mwanzoni nililiona kama swali la kujazia dodoso tu, nikawa nalisoma haraka haraka ili niwahi kaya inayofuata.

Sasa siku moja nikamkuta mama mmoja mtu mzima kakaa kwenye kigoda, mguu mmoja kaunyoosha, mkono haubanduki kwenye goti. Goti limevimba unaliona kabisa, na dakika chache nyuma alishaniambia anameza dawa za presha kila siku. Nikamuuliza lile swali. Akanyamaza, akaangalia chini, afu akaniuliza yeye: "Nilinganishe na nani, mwanangu?"

Tulifundishwa mhojiwa akikuuliza usimsaidie, soma swali tena kama lilivyo. Nikalisoma tena. Akasema, "Basi andika nzuri. Mwezi huu hakuna anayenidai." Nikabonyeza nzuri.

Nyumba ya pili yake kijana wa miaka kama 30, mwili umejengeka, hana ugonjwa wowote aliowahi kuambiwa, hatumii dawa. Kwenye swali la kazi alikuwa ameshajibu hana, ana miezi kadhaa yuko nyumbani. Nilipofika kwenye afya akajibu "mbaya" bila hata kuinua uso.

Usiku nikawa najiuliza, hivi hawa wawili wamenidanganya au mimi ndo sielewi ninachouliza? Hapo ndo nikaanza kusoma, na nilichokuta kimenibadilisha kabisa namna ninavyolisoma hilo swali mbele ya mtu.

Kwanza kabisa, hilo swali linajua mambo. Mwaka 1982 Mossey na Shapiro walitoa utafiti wa wazee zaidi ya 3,000 wa Manitoba kule Kanada. Wazee waliulizwa waikadirie afya yao wenyewe, afu wakafuatiliwa miaka kadhaa nani amefariki nani yupo. Waliosema afya yao ni mbaya uwezekano wao wa kufariki mapema ulikuwa karibu mara 3 ya wale waliosema ni nzuri sana, na hii ni baada ya kuzingatia umri, jinsia na hali yao kiafya kwa mujibu wa rekodi za matibabu. Yaani kuna kitu mtu anakijua kuhusu mwili wake ambacho faili la hospitali halina. Mwaka 1997 Idler na Benyamini wakakusanya tafiti 27 za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali na nyingi zilikuwa zinasema kitu kile kile.

Pili, na hapa ndo penye uzi wenyewe: ukichukua majibu hayo ukayapanga kwa kipato, elimu, au aina ya kazi, yanajipanga kama ngazi. Siyo kwamba maskini wa mwisho kabisa wanasema mbaya afu wengine wote wanasema nzuri, hapana, kila kipandio ukishuka majibu yanashuka kidogo. Mwenye kipato cha kati anajibu vibaya kuliko mwenye nacho, na wa chini anajibu vibaya kuliko wa kati. Na inaonekana karibu kila nchi walikopima, tajiri na maskini.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watumishi wa serikali Uingereza, London, ile tafiti inaitwa Whitehall. Ilianza 1967 kwa wanaume kama 18,000. Sasa tuelewane, hawa wote wana ajira, wote wana mshahara, na wote wanatibiwa kwenye mfumo mmoja wa afya wa taifa. Hakuna anayelala njaa pale. Lakini matarishi na walinzi wa milangoni vifo vyao vilikuwa takribani mara 3 ya wakubwa wa juu. Watu wakasema ni sigara hiyo. Michael Marmot na wenzake wakazingatia sigara, presha, lehemu kwenye damu, vikapunguza tofauti lakini sehemu kubwa ikabaki pale pale. Na hata yule wa cheo cha pili kutoka juu, mtu mwenye ofisi yake na makaratasi yake, alikuwa na hali mbaya kuliko wa juu yake. Mwaka 1985 wakaanza raundi ya pili, watu 10,308, safari hii na wanawake wamo, na hata kwenye lile swali la mtu kukadiria afya yake ngazi ikaonekana tena.

Nauliza wakuu, mnalichukuliaje hili? Maana kwetu mtu akiulizwa "mzima?" anajibu "mzima" afu maisha yanaendelea, na akijibu "nipo tu" tunapita. Mimi siku hizi "nipo tu" inanishtua.

#2

Uzi mzuri mkuu ila naona umetanguliza mkokoteni mbele ya ng'ombe. Kwanini usiseme mtu akiumwa ndo anakuwa maskini? Mimi nina binamu yangu alikuwa fundi mzuri tu, mgongo ukamshika, kazi hawezi, vifaa akauza kimoja kimoja, sasa hivi hana kitu. Ukimkuta na tableti yako utaandika maskini mwenye afya mbaya afu utasema umaskini umemletea ugonjwa, kumbe ni kinyume chake.

#3

Mimi ni nesi, niko mapokezi ya wagonjwa wa nje mwaka wa tisa sasa. Niongezee kitu kimoja kwa mleta uzi.

Kuna wagonjwa wanakuja ukimuuliza unaumwa nini anasema "mwili wote". Kichwa, mgongo, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, nguvu hakuna. Anapimwa vipimo vyote havionyeshi kitu. Kazini kwetu huko nyuma tulikuwa tunaambizana huyu hana kitu, mpe za maumivu aende. Nilivyokuja kuwa na muda wa kukaa nao, hata dakika 3 tu wakati namfunga kile kitambaa cha presha, ndo wanasema. Kodi inadaiwa. Mume kaondoka. Mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule. Mama anayeuguza mzee kitandani miaka miwili peke yake hajawahi kulala usiku mzima. Mwili wote unamuuma KWELI jamani, hajaja kuigiza. Tatizo fomu yetu haina sehemu ya kuandika hayo, kuna sehemu ya joto, uzito na presha.

#4 (mleta uzi)

Mkuu wa #2 hoja yako ni ya kweli na siipingi, pole kwa binamu yako. Ugonjwa unafilisi, hilo halina ubishi, na wanaofanya hizi tafiti wanalijua ndo maana wanafuatilia watu wale wale miaka mingi ili waone kipi kilitangulia. Mara nyingi wanakuta njia zote mbili zipo, ila ya kutoka kwenye maisha kwenda kwenye mwili ni nzito zaidi ya watu wanavyodhani. Elimu ni mfano mzuri, wengi tunaimaliza tukiwa vijana wazima wa afya kabla magonjwa ya ukubwani hayajaanza, kwahiyo presha ya miaka 55 haiwezi kurudi nyuma ikamtoa mtu shule akiwa na miaka 15. Na bado wenye elimu ndogo wanajibu "mbaya" kwa wingi zaidi wakifika umri huo.

Afu kuna mazingira ambayo unaona kabisa watu walikuwa wazima afu kitu kikatokea. Kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, watu karibu wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo, kikafungwa mwaka 1929 hadi 1930. Watafiti wakaenda kuwachunguza watu wa pale, akiwemo dada mmoja Marie Jahoda. Wakakaa dirishani na saa wakapima kasi ya watu kutembea barabarani. Wanaume wasio na kazi walikuwa wanatembea taratibu, wanasimama simama njiani, saa hawavai tena maana hawana pa kuwahi. Hawajaugua kitu chochote wakuu, kiwanda tu kimefungwa, na miguu imeshabadilika. Mimi nikisoma pale namkumbuka yule kijana ambaye hakuinua uso.

Dada/kaka nesi #3 ubarikiwe sana. Hicho unachokiona kina maelezo ya kimwili kabisa. Mtu akishtuka mwili unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, ili akimbie au apambane. Hatari ikipita mwili unarudi chini unapumzika. Sasa deni halipiti. Mwenye nyumba hapiti. Mwili unabaki umekaa mkao wa kukimbia wiki, miezi, miaka, na huo mkao una gharama, mishipa inachakaa, usingizi unaharibika, kinga inayumba. Mwaka 1993 Bruce McEwen na mwenzake Stellar waliandika kuhusu huo uchakavu unaojilimbikiza. Kwahiyo mtu akikwambia "mwili umechoka" na kipimo hakioni kitu, inawezekana yeye ndo ameona mapema.

#5

Samahani mimi naona mnalikuza hili swali kuliko linavyostahili. Nimesoma takwimu kidogo. Hisia siyo kipimo. Mtu aliyezoea shida atasema nzuri, mtu aliyedeka atasema mbaya kwa mafua tu. Yule mama wa goti mwenyewe ni ushahidi kwamba swali halifai, ana presha na goti bovu afu ameandikwa nzuri. Serikali ikipanga bajeti kwa majibu hayo si itawapelekea dawa wanaolalamika sana na kuwaacha wanaovumilia?

#6

#5 umegusa penyewe, nasubiri majibu. Mama yangu mzazi hajawahi kusema anaumwa maisha yake yote, tulijua ana kisukari siku alipoanguka.

#7 (mleta uzi)

Mkuu wa #5 nashukuru sana kwa hii hoja maana ndo ngumu kuliko zote, na kuna mtu mkubwa ameisema kabla yako, Amartya Sen, yule mchumi wa India aliyepata Nobel mwaka 1998. Yeye alionyesha hivi: ndani ya India jimbo la Kerala watu wanaishi muda mrefu sana na wamesoma, jimbo la Bihar watu walikuwa wanakufa mapema, shule chache, zahanati chache. Sasa ukiwauliza watu wenyewe kama wanaumwa, Kerala ndo walikuwa wanaripoti maradhi kwa wingi, Bihar kidogo. Na ukiwaleta Wamarekani wanaripoti maradhi kuliko hata Kerala. Ukisoma hizo namba kichwa kichwa utasema Bihar ndo wazima kuliko wote, na utakuwa umekosea vibaya mno. Mtu ambaye hajawahi kuona dokta hajui kwamba kukohoa kila siku ni ugonjwa, anajua ndo maisha.

Na kuna mfano mwingine wa kwake ambao kila nikiukumbuka nasikia uzito. Mwaka 1944, baada ya ile njaa kubwa ya Bengal, walipima watu eneo la Singur karibu na Calcutta. Wagane, yaani wanaume waliofiwa na wake, karibu nusu walisema afya yao siyo nzuri. Wajane hawakufika hata 3 kati ya 100. Mnadhani wajane wa pale, kwa hali yao ya wakati ule, walikuwa wazima kuliko wagane? Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba mwili wao siyo jambo la kuzungumziwa. Mama wa mkuu wa #6 naomba nimweke hapo hapo, na mama yangu pia.

Kwahiyo nakubaliana na wewe nusu. Kulinganisha nchi na nchi au kabila na kabila kwa swali hili peke yake ni hatari. Ndo maana siku hizi baadhi ya tafiti zinampa mhojiwa visa vifupi vya watu wa kubuni, mfano "fulani anapanda ngazi lakini akifika juu anapumzika, unadhani afya yake ikoje?", ili wajue kwanza rula ya mtu huyu ina urefu gani kabla hawajasoma jibu lake.

Ila nusu ya pili sikubali. Angalia unachokisema kinaelekea wapi. Kama maskini wanavumilia na kusema nzuri wakati hali ni mbaya, basi ile ngazi tunayoiona kwenye takwimu ni fupi kuliko ngazi ya kweli. Yaani pamoja na kuvumilia kote huko bado wanajibu vibaya kuliko wenye nacho. Tofauti halisi itakuwa kubwa zaidi.

Na swali limewahi kusema ukweli ambao vipimo vilichelewa kuusema. Anne Case na Angus Deaton mwaka 2015 walionyesha kwamba Wamarekani weupe wa umri wa kati, hasa waliosoma kidogo, vifo vyao vilikuwa vinapanda tangu mwisho wa miaka ya 1990, vidonge vya maumivu, pombe, kujiua. Walipokwenda kuangalia madodoso ya nyuma wakakuta watu hao hao miaka yote hiyo walikuwa wanajibu afya yao inazidi kuwa mbaya, maumivu yanaongezeka. Walisema. Waliandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasoma yale majibu kwa uzito.

#8

Naomba na mimi niseme ya kwangu maana uzi umenigusa, sijawahi kuandika humu kitu kirefu.

Nilifanya kazi sehemu moja miaka 11, sitaji jina. Siku moja tuliitwa ukumbini saa 3 asubuhi, saa 4 tuko nje na mabahasha. Wiki ya kwanza nilikuwa sawa, nikasema napumzika. Mwezi wa pili nikaanza kuamka saa 9 usiku kila siku, macho makavu. Mwezi wa nne nikawa nasikia kifua kinabana, nikaenda kupimwa moyo mara mbili, wakasema moyo mzima kabisa. Mke wangu akawa ananiuliza "unaumwa nini?" nashindwa kumjibu maana hapaumi mahali. Kilichoniuma zaidi siyo hela jamani, akiba ilikuwepo kidogo, ni ile asubuhi watoto wanavaa sare, mke anatoka, afu nabaki mimi na ukuta. Simu haiiti. Watu niliofanya nao kazi nao wananikwepa maana wakiniona wanaona yanayoweza kuwakuta.

Nilipopata kazi nyingine, tena ya mshahara mdogo zaidi, kifua kiliacha ndani ya wiki 2. Sijameza dawa hata moja.

#9

#8 pole sana kaka. Umenifanya nimpigie simu kaka yangu, yeye amestaafishwa mapema.

#10

Sasa kama ni hivyo suluhisho si jepesi tu, watu wapewe hela? Mtu akipewa hela stresi inaisha, afya inarudi. Au nimeelewa vibaya?

#11 (mleta uzi)

#8 nimeisoma mara mbili, asante kwa kuiandika. Ulichosema kwamba siyo hela peke yake ndicho alichokisema Jahoda pia, kazi inampa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, na sababu ya kuhesabika miongoni mwa wenzake, na vyote vinaondoka siku moja na ile bahasha.

#10 hujaelewa vibaya, ila hela inafanya kazi kwa namna ya ajabu kidogo. Kuna tafiti ya Uswidi iliyotoka mwaka 2016, waliwafuatilia watu walioshinda bahati nasibu, hela nyingi tu za ghafla, na hawakuona ushahidi kwamba watu wazima walioshinda wanaishi muda mrefu zaidi ya wengine. Lakini kumbuka Uswidi ni nchi ambayo hata asiyeshinda anatibiwa na hatupwi barabarani. Hela ya juu ikamkuta mtu ambaye sakafu tayari anayo.

Sasa linganisha na hii, na hii ndo naomba kila mtu aisome polepole. Mwaka 2008 jimbo la Oregon Marekani lilikuwa na nafasi chache za bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Wakajiandikisha kama watu 90,000, nafasi hazitoshi, wakaamua kuchezesha kura. Kwahiyo wakapatikana waliobahatika na wasiobahatika ambao kabla ya hapo hawakuwa na tofauti, yaani ni kama jaribio la maabara. Baada ya kama mwaka wakawauliza lile swali letu. Waliopata bima walikuwa wanasema afya yao ni nzuri kwa wingi zaidi. Utasema ni kwasababu wametibiwa. Lakini karibu theluthi 2 ya mabadiliko hayo yalishaonekana mwezi mmoja tu baada ya kupata bima, hata hawajaanza kwenda hospitali kwa wingi! Na baada ya miaka 2 walipowapima, presha, sukari, lehemu havikuonyesha tofauti ya maana, ila sonona ilipungua kwa kama 30% na madeni ya matibabu yakapungua sana.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Maana nilimsikia yule mama kabisa, "mwezi huu hakuna anayenidai".

Kwahiyo #10 jibu langu ni kwamba kinachouma zaidi ni kutokujua kesho, kudaiwa, na kukosa usemi juu ya siku yako mwenyewe. Hata kule Whitehall kitu kimoja kilichojitokeza sana kwenye raundi ya pili ni usemi kazini: mtu ambaye hawezi kuamua aanze na kipi, apumzike saa ngapi, afanye kwa namna gani, alikuwa kwenye hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo. Kupangiwa kila kitu na kulaumiwa kwa kila kitu.

Na kuna hii nyingine ya Nancy Adler, walimchorea mtu ngazi yenye vipandio 10 wakamwambia juu wamekaa wenye hela, elimu na kazi za heshima, chini wasio navyo, weka alama wewe uko wapi. Alama hiyo tu inaendana na afya hata ukishazingatia kipato na elimu ya mtu. Sheldon Cohen na wenzake walichukua watu wazima wa afya 193, wakawawekea virusi vya mafua puani kwa makusudi, wakawatenga wakawaangalia. Waliojiweka chini kwenye ngazi walishikwa na mafua zaidi. Virusi ni vile vile jamani.

#12

Mimi ni dokta, nipite haraka. Naunga mkono sehemu kubwa ila nitoe tahadhari moja kwa wasomaji: msije mkasema "ni stresi tu" afu mkaacha kupima. Aliyesema afya yake mbaya apimwe vizuri ZAIDI, siyo kidogo. Kifua kinabana pima moyo kwanza kama alivyofanya ndugu wa #8, alifanya sahihi kabisa. Baada ya hapo vipimo vikiwa safi ndo tukae tuongee maisha. Tatizo letu ni kwamba vipimo vikiwa safi tunafunga faili.

Mimi binafsi nimeanza kuuliza swali hili mwishoni, mgonjwa akiwa ameshashika dawa zake anainuka. "Wewe mwenyewe unaionaje afya yako?" Wengine wanakaa tena.

#13

#12 umeandika vizuri dokta. "Wengine wanakaa tena" nimeisoma mara tatu.

#14

Swali kwa mleta uzi na nesi wetu: nyumbani tunaulizaje? Baba yangu ukimuuliza "unaendeleaje" ni "salama tu" miaka 20 sasa. Na akisema vibaya mimi mwenyewe sina cha kumpa naogopa hata kuuliza.

#15 (nesi wa #3)

#14 kwa uzoefu wangu usimuulize afya, muulize siku yake. Jana ulilala saa ngapi baba, uliamka usiku? Nani alikuja kukutembelea wiki hii? Kuna kitu ulitaka kukifanya ukashindwa? Mzee anayekataa kusema anaumwa atakwambia bila shida kwamba siku hizi hafiki msikitini au kanisani kwa miguu, au kwamba hapendi tena kwenda barazani. Hayo ndo majibu yenyewe. Na kuhusu kutokuwa na cha kumpa, usikae mbali kwasababu hiyo. Wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kuniomba hela hata siku moja.

#16 (mleta uzi)

Dada nesi ameshajibu vizuri kuliko mimi, sina cha kuongeza hapo.

#17

Mleta uzi, yule mama wa goti uliwahi kumuona tena?

#18 (mleta uzi)

Nilimuona. Utafiti ulikuwa wa kurudia kaya zile zile, nikarudi mwaka uliofuata. Kigoda kile kile, goti lile lile halijaongezeka wala kupungua, presha dawa zinamkaa vizuri. Binti yake aliyekuwa anaishi naye alikuwa amehama kufuata kazi mbali, na hela alikuwa anatuma, tena zaidi ya mwanzo, hilo alinijibu kwenye swali la kipato.

Nilipofika kwenye afya nikalisoma swali polepole. Safari hii hakuniuliza alinganishe na nani. Akasema "andika mbaya."

Nilimaliza dodoso lote, nikazima tableti nikaiweka kwenye mkoba, ndo nikamuuliza kama mtoto wake tu, mama mbona umesema mbaya na goti ni lile lile na hela inakuja? Akaangalia mlango wa chumba cha pili.

Akaniambia, "Nikishikwa usiku, nitamwamsha nani?"